Minyororo ya Gent na Wagonjwa Wetu

Katika jubilei hii tukumbuke pia wagonjwa wa akili. Mwaka 1815, mjini Gent katika Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest na Mabruda wa Mapendo waliwafungua minyororo wagonjwa waliofungiwa kama wanyama. Wala hakutegemea sala peke yake: baadaye yeye na munganga Joseph Guislain waliandika kanuni za kuwatunza kwa upole. Mabruda hao walifika Kongo mwaka 1911. Bukavu walifungua Sosame mwaka 1994.

Nasi tuungame: mara ngapi tulimfunga ndugu kamba, tukisema ni shetani? Mwenye kutoa shauri asikilize kwanza. Mgonjwa akiomba sala, wasali pamoja, asipoomba, asilazimishwe. Dawa za munganga zisiachwe.