Goti Lisilopona

(Muziki unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji wa Kismayu, Chula, Koyama na Chovai. Leo historia yetu ni ya goti.

Mtoto akivimba goti, sababu hazikosekani: aliteleza mashuani, aliumia mpirani. Huchuliwa mafuta, pengine huchomwa kwa chuma cha moto. Aghalabu hupona. Lakini mara chache sana uvimbe huo ni saratani ya mfupa, nayo hushika zaidi mifupa ya karibu na goti, hasa kwa vijana wanaorefuka.

SAUTI YA PILI: Zamani daktari naye aliitambuaje?

MTANGAZAJI: Zaidi kwa macho na vidole. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, mfupa ukaonekana bila kisu. Hata hivyo picha peke yake haikutosha, kwani usaha ndani ya mfupa huweza kufanana na saratani.

Tena maradhi yalikuwa adimu. Kila daktari aliona wagonjwa wachache. Mwaka 1920, Ernest Codman wa Boston, Marekani, alianzisha daftari la saratani za mifupa, akiwaomba wenzake wamletee habari za wagonjwa wao. Huku kwetu, mwaka 1961, Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alisafiri na wenzake wawili kwa gari takriban kilomita 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Kiungo tofauti, funzo moja: ugonjwa adimu hujulikana watu wakiambizana.

SAUTI YA PILI: Na leo?

MTANGAZAJI: Kwanza picha, kisha kipande kidogo cha uvimbe hutazamwa kwa hadubini. Kipande hicho kikatwe kwa ushauri wa daktari bingwa, maana mkato mbaya waweza kuugharimu mguu.

SAUTI YA PILI: Kuwahi kuna faida gani?

MTANGAZAJI: Kubwa. Kabla ya miaka ya 1970, kwa saratani ya mfupa iliyo ya kawaida zaidi kwa vijana, kukata mguu pekee kuliokoa takriban mmoja kati ya watano. Zilipoongezwa dawa, palipo na matibabu kamili na ugonjwa haujaenea, hupona zaidi ya nusu.

Basi mzazi, maumivu yakizidi wiki kwa wiki, yakimwamsha mtoto usiku, na uvimbe ukikua, usichue wala usichome. Panda mashua mapema, uombe picha.

(Muziki wa kufungia.)