Mvinyo Uliotengenezwa Kisiri

Juzi binamu yangu alifungua chupa ya Syrah yenye miaka 15. Manze, nilikuwa nimejiandaa kwa ule ukali wa kukausha ulimi. Wapi! Rangi ilikuwa imeanza kuwa ya matofali, harufu ni ya ngozi na pilipili manga, halafu ikateremka laini kabisa. Nikamkumbuka Max Schubert.

Huyu jamaa alikuwa akitengeneza mvinyo Penfolds, kule Australia, ambako Syrah huitwa Shiraz. Mwaka wa 1950 alienda Ulaya, na kule Bordeaux akaonja mvinyo uliokaa miongo kadhaa na bado uko fiti. Aliporudi akataka wake pia udumu hivyo. 1951 akatengeneza Grange ya kwanza.

Walioionja ikiwa changa waliiponda vibaya. Na si ati walikuwa wajinga. Syrah changa ina tanini nyingi, inakaza mdomo kama ndizi mbichi. Tanini hizo ndizo huiwezesha kukaa miaka, zikilegea polepole ndani ya chupa. Lakini nani ako na hiyo subira? 1957 wakubwa wakamwambia aachane nayo.

Akasema sawa, kisha akaendelea kisiri: 1957, 1958, 1959. Miaka mitatu ya kuficha mvinyo ndani ya kampuni yenyewe! Zile chupa za mwanzo zilipoonjwa tena, zikiwa zimekomaa, wakubwa walewale wakageuka. 1960 akaruhusiwa kuendelea wazi.

Nikainua glasi niongezewe. Chupa ilikuwa ishaisha.