Masizi na Lahaja: Jukwaa la Minstreli Nchini Marekani

Wanaochunguza michezo ya minstreli, yaani ile michezo ya jukwaani ambamo Wazungu wa Marekani walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa ili kuwaiga Weusi, huzungumzia zaidi uso. Sisi tungependa kuzungumzia ulimi. Masizi yalioshwa kila usiku baada ya onyesho; lugha iliyotungwa pamoja nayo ilibaki, ikachukuliwa kuwa ushahidi.

Karibu na mwaka 1830, Thomas Dartmouth Rice alianza kuimba na kucheza kwa jina la Jim Crow, jina ambalo baadaye lilipewa sheria za ubaguzi wa rangi. Mwezi wa Februari 1843, mjini New York, watu wanne walioitwa Virginia Minstrels, akiwemo Dan Emmett, walionyesha mchezo wao kwa fidla, banjo, tari na vipande vya mifupa vilivyogonganishwa. Banjo ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. Kwa hiyo si kila kitu kilikuwa cha kubuniwa, na hapo ndipo penye ugumu. Watazamaji wengi wa miji ya kaskazini hawakuwahi kuishi karibu na watumwa. Waliposikia sarufi iliyovunjwa na maneno makubwa yakitumiwa mahali pasipofaa, waliamini kwamba ndivyo Weusi wasemavyo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa mhariri, aliwashutumu waigizaji hao katika gazeti lake mwaka 1848.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865) vikundi vya Weusi viliongezeka, na baadhi yao walijipaka masizi vilevile, kwani soko lilitaka hivyo. Hapa mfano wa Bert Williams unastahili kuangaliwa kwa makini. Alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, akakulia California. Lahaja ya jukwaani haikuwa yake. Mwaka 1918 alieleza kwamba ilimbidi kujifunza usemi wa Weusi wa Marekani kama mtu ajifunzavyo usemi wa kigeni. Basi huyu alikuwa mtu mweusi aliyejipaka weusi na kusomea lugha, ili akubaliwe kuwa mweusi! Hata hivyo, yeye na mwenzake George Walker walifika mbali: mchezo wao *In Dahomey*, wenye muziki wa Will Marion Cook, ulionyeshwa Broadway mwaka 1903, kisha London mwaka uleule.

Msomaji wa Kongo hatashangaa sana. Katika *Tintin au Congo*, iliyoanza kutolewa gazetini Brussels mwaka 1930, Wakongo nao waliwekewa midomoni Kifaransa kilichovunjwa ambacho hawakukitunga wao.

Williams alifariki mwaka 1922. Sauti yake ingali inasikika katika sahani za santuri, na ya mwaka 1906 ndiyo mashuhuri zaidi. Picha zake zilizopigwa mwaka 1913, kwa ajili ya filamu bubu ambayo haikukamilishwa, zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini New York na kuonyeshwa mwaka 2014. Humo amezungukwa na waigizaji Weusi wenye nyuso zao za kawaida, naye amejipaka masizi.