Uzima na Maradhi katika Pwani ya Ujiji

Kila mwaka, sikukuu za Noeli na Mwaka Mpya zikiisha kupita, waalimu wa pwani ya Ziwa Tanganyika huona nafasi tupu katika madawati. Watoto hawakutoroka, wanaumwa. Mmoja ana homa, wa pili anahara, wa tatu yuko nyumbani kumsaidia mama anayemwuguza mdogo wake. Wazee husema ni ulafi wa sikukuu. Sisi hatulikatai neno hilo lote, maana wali uliopikwa adhuhuri ukaliwa usiku wa manane si chakula chema. Lakini tukizitazama habari za nchi hii tangu siku za misafara, twaona sababu iliyo ya zamani kuliko ulafi. Watu hukusanyika wengi mahali pamoja, katika majira ya mvua, nao hunywa maji yale yale wanayoogea. Kwa hiyo tumeona vema kuzikusanya habari hizo kidogo, ili waalimu na mapadre wanaohubiri juu ya usafi wajue ya kuwa wanasema jambo lenye historia ndefu hapa hapa kwetu.

Kwanza tuyatazame maneno, kwa kuwa maneno huhifadhi mengi. "Afya" tumeipata kwa Waarabu. "Uzima" ni neno letu, nalo lina maana mbili zisizoachana: chungu kizima ni kile kisichopasuka, na mtu mzima ni yule asiyepungukiwa. "Malale" bila shaka limetoka katika kulala, kwa sababu ya usingizi unaomshika mgonjwa mwisho wake. "Kipindupindu" husikika ndani yake kupinduka kwa tumbo. Tena liko neno "karantini", ambalo asili yake ni Kitaliano, nalo lahesabu siku arobaini ambazo merikebu zilingojeshwa nje ya bandari kabla ya watu kushuka. Wasomaji watakumbuka kwamba kwa desturi za pwani mzazi naye hukaa ndani siku arobaini. Mambo haya mawili hayana udugu, lakini twaona kwamba mwalimu akitaka kueleza karantini kwa akina mama wa Ujiji hana haja ya kwenda Italia.

Sasa habari za mji. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na ingefaa kila mtu anayesifu safari ile akumbuke hali waliyofika nayo. Burton alikuwa hawezi kutembea, miguu imelegea kwa homa. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata ziwa lenyewe akaliona kama ukungu tu. Miaka kumi na mmoja baadaye, Machi 1869, Livingstone aliletwa Ujiji akiugua mapafu. Sehemu ya njia alikuwa amechukuliwa kitandani na watu wa msafara wa Waarabu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa mapema 1867, na dawa nyingine alizoagiza zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku nyingi upande wa mashariki. Basi yeye aliyekuwa tabibu alikaa Ujiji bila dawa.

Ujiji ya siku zile ilikuwa soko. Chumvi ilitoka Uvinza, mawese yalitoka mabonde ya pwani, samaki walitoka ziwani, pembe na watumwa walivushwa kutoka Manyema. Twasema hili waziwazi: maradhi yaliwaua zaidi wale waliofungwa shingo, waliofika na njaa na vidonda, wakalazwa wengi katika boma moja. Mwaka 1870 Livingstone, akiwa Manyema, aliandika habari za kipindupindu kilichoua watu wengi sana Unguja na kilichokuwa kikifuata njia ya misafara kwenda bara. Mwaka 1876 Stanley aliporudi baada ya kulizunguka ziwa aliikuta ndui mjini Ujiji, watu wakifa kila siku, na baadhi ya watu wake wakashikwa nayo. Maradhi hayakuwa na miguu. Yalitumia miguu ya wapagazi.

Wamisionari wa kwanza nao walilipa. Wale wa London walifika Ujiji Agosti 1878, na mmoja wao, Thomson, akafa Septemba ya mwaka ule ule. Dodgshun, aliyewafuata, alifika akafa mara moja, Aprili 1879. Mmoja wa waliobaki alikuwa Hore, nahodha wa bahari, mtu mgumu, ambaye baadaye alihamia kisiwa cha Kavala upande wa pili wa ziwa kwa sababu alikiona kina hewa njema. Katika siku zile wataalamu walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya matope na majani yaliyooza. Wachache tu walimshuku mbu mpaka mwisho wa karne, ambapo Ross alipata ushahidi wake, mwaka 1897. Kwa hiyo Hore na wenziwe walikimbia hewa, na kwa kuikimbia hewa wakawakimbia mbu pasipo kujua. Jambo hili hutufurahisha kidogo, maana wazee wetu waliojenga mlimani na kushuka ziwani kwa kazi tu walicheka walipoambiwa kwamba ni washamba.

Msafiri alikuwa na adui mwingine asiyeonekana mchana, naye ni papasi. Mdudu huyu hukaa katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, hutoka usiku, huuma, kisha hurudi mahali pake. Homa yake humwacha mtu siku chache, hata akadhani amepona, kisha humrudia. Mwaka 1905 Dutton, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo ya mashariki, aliipata mwenyewe akafa huko Kasongo. Mwaka ule ule Koch aliichunguza katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi, akaona kwamba papasi walijaa katika mabanda ya zamani ya wapagazi kando ya njia. Shauri lilikuwa jepesi: usilale ndani ya banda la zamani, piga hema mbali kidogo. Wenye mahema waliweza. Wapagazi hawakuwa na mahema.

Malale yalileta shida ya namna nyingine. Katika pwani ya ziwa, hasa kaskazini ya Ujiji mpaka Usumbura, ugonjwa ulienea kwa mbung'o wapendao kivuli cha vichaka vya majini, mahali pale pale ambapo wanawake huteka maji na wavuvi huvuta mitumbwi. Kabla ya vita ya 1914 serikali ya Kidachi iliweka kambi za wagonjwa pwani. Watu walipapaswa shingo kutafuta uvimbe, wakapigwa sindano za dawa iitwayo atoksili, na vichaka vikafyekwa. Dawa ile ilisaidia kwa muda, lakini ilikuwa na arseniki, na baadhi ya waliopigwa sindano walipofuka. Wasomaji wasishangae basi kusikia kwamba watu walitoroka. Mtu anayejiona mzima aitwe mgonjwa, apigwe sindano, kisha apofuke: ni nani asiyekimbia? Katika kazi ile yote twaona lililo bora ni kufyeka vichaka, na hilo ndilo lililofanywa na mapanga ya wenyeji.

Baadaye Waingereza walichukua njia ya kuhamisha. Huko Uha, katika miaka ya 1930, watu waliotawanyika katika miombo walikusanywa katika makazi makubwa, ili mashamba yaliyolimwa pamoja yafukuze pori na mbung'o. Ilifaa juu ya malale. Lakini waliohamishwa waliacha makaburi, migomba na chemchemi zao, wakaja kukaa wengi juu ya kisima kimoja. Hatuwezi kusema kwamba serikali ilikosa kabisa. Twasema kwamba dawa ya ugonjwa mmoja huweza kufungua mlango wa mwingine, na kwamba wazee walionung'unika hawakuwa wajinga.

Lakini tusiseme habari za wageni na serikali tu. Kusini, katika Karema, aliishi mtu ambaye jina lake lingepaswa kujulikana katika kila shule ya pwani hii, naye ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu 1866 katika nchi za mto Niger, upande wa Timbuktu. Akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Aljeria. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwafundisha utabibu vijana waliokombolewa, ili warudi Afrika wawe matabibu na makatekista pamoja, na Atiman akapelekwa Malta kusoma. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja ziwani, akafika Karema mwaka 1889. Humo alibaki mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 60 katika kituo kimoja.

Karema yenyewe ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 karibu na maji, wakawaachia mapadre mwaka 1885. Lakini siku zile mto Lukuga ulikuwa umeanza kuyatoa maji ya ziwa kwa nguvu kwenda Kongo, ziwa likashuka mwaka baada ya mwaka, na ngome ikabaki mbali, mbele yake tope. Hapo ndipo alipofanya kazi Atiman. Alioa huko huko, akaijua lugha, akajifunza miti ya dawa kwa wenyeji pasipo kuidharau na pasipo kuiamini yote. Alitibu watu weusi na weupe. Wazungu wengi walipita nchini mara moja wakaandika vitabu vikubwa. Huyu alikaa, akasafisha vidonda, akaandika kidogo tu. Sisi tulio waalimu twaona kwamba kilichowaokoa watu si kisu chake peke yake, bali kule kukaa kwake. Mgonjwa alimjua, na mama aliyeambiwa naye achemshe maji alikuwa ameambiwa neno hilo hilo na mtu yule yule alipokuwa msichana.

Turudi Ujiji na sikukuu. Wavuvi wa dagaa wana sikukuu yao ya kila mwezi, ambayo kalenda za shule haziijui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, zamani kwa moto wa kuni na wavu wa lusenga, kisha kwa taa za karabai, na siku hizi kwa taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawafuati taa, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa, hushona nyavu, hulala na wake zao, hunywa, husafiri. Mganga wa zahanati aliye na busara hupanga siku za kuwapima wanaume na kuchanja watoto wakati wa mbalamwezi, maana wakati wa giza atakuta kijiji kina wanawake na wazee tu. Nasi waalimu twaweza kuchagua siku hizo kwa mkutano wa wazazi. Katika chakula pia pwani hii haikunyimwa: dagaa hujenga mwili, na mawese mekundu yasiyochomwa kupita kiasi huwa kinga ya macho yasiyoona jioni. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi, na ni aibu kuona nyumba yenye mawese uani ikinunua mafuta meupe ya dukani kwa ajili ya heshima ya wageni.

Neno la maji ndilo gumu. Ziwa ni safi kwa macho. Mtu huona mawe chini yake, akasema, maji haya yana ubaya gani? Lakini mvua za Novemba mpaka Aprili huyaosha makorongo ya milima na kushusha yote ziwani, na sikukuu za Noeli huangukia humo humo. Tangu miaka ya 1970 kipindupindu kimerudi mara nyingi katika pwani za ziwa hili, na wachunguzi wameona kwamba Uvira na Kalemie ni miongoni mwa mahali kinapokaa na kuanzia. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena. Mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia majumbani pande za Bujumbura na Uvira, na choo kilichofunikwa na maji ya ziwa si choo tena.

Yaliyotukia Kagunga mwaka 2015 yanaonyesha mambo haya yote kwa mara moja. Kagunga ni kijiji karibu na mpaka wa Burundi, ufuko mwembamba, nyuma yake mlima mkali. Mtu hutoka kwa mguu juu ya mlima au kwa chombo. Mwezi wa Mei, machafuko ya Burundi yalipowakimbiza watu, makumi ya maelfu walijaa ufukoni pale, wakalala mchangani, wakanywa ziwani, wakajisaidia palipopatikana. Kipindupindu kikawaka. Kabla ya mwezi kwisha wagonjwa walikuwa wamezidi 3,000, na waliokufa walikuwa wapata 30, karibu wote wakimbizi. Wasomaji wakumbuke ndui ya 1876 wapime wenyewe: wagonjwa maelfu, na wafu si mamia. Waliokoka kwa sababu ya maji yaliyotiwa klorini, na kinywaji cha chumvi na sukari, ambacho kila nyumba yaweza kukitengeneza: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 sawasawa, chumvi nusu ya kijiko, mgonjwa akanyweshwa kidogo kidogo mpaka afikishwe kwa mganga.

Tena waliokoka kwa kuondolewa pale. Meli iliyowachukua ni Liemba, ile iliyoundwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa kazi ya vita, ikazamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaanza tena safari zake mwaka 1927. Ilikuwa ikichukua watu wapata 600 kwa safari moja, kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Hapo walipokewa kwanza katika uwanja wa mpira, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Na mwisho wa mwezi wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana.