Ufa wa Msimu: Jina Lililoficha Sababu

Istilahi ikitaja wakati wa kutokea kwa jambo badala ya sababu yake, yaweza kuwapotosha watumiaji kwa miaka mingi. Historia ya nyufa za metali yatupa mfano.

Katika karne ya 19, majeshi ya Uingereza nchini India yalikuta maganda ya risasi, yaliyotengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki, yamepasuka ghalani wakati wa mvua. Kwa hiyo Waingereza wakauita ufa huo ufa wa msimu. Lakini msimu haukuwa na kosa. Mwaka 1921 wataalamu Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kwamba mambo mawili yalishirikiana: mkazo uliosalia ndani ya metali tangu ilipotengenezwa, na amonia. Amonia hiyo ilitoka katika mikojo ya farasi waliofugwa karibu, nao unyevu wa mvua uliisaidia kufanya kazi yake.

Chuma cha pua nacho hupatwa na maradhi ya namna hiyo. Tarehe 4 Machi 1965, bomba la gesi lililofukiwa karibu na Natchitoches, Louisiana, Marekani, lilipasuka na kuwaka moto. Watu 17 walikufa. Katika mabomba kama hayo, shinikizo la gesi huvuta ukuta wa bomba, na pale utando wa kinga unapobanduka, maji ya udongoni yenye kaboneti na baikaboneti huufikia. Nyufa ndogo huanza nje, huungana, kisha bomba hupasuka ghafla. Mwaka 1985 aina nyingine, itokeayo katika maji yasiyo na asidi wala alkali nyingi, ilitambuliwa nchini Kanada.

Je, tuuiteje ufa huu kwa Kiswahili? Wako wanaopendelea "ufa wa kutu". Sisi hatuliafiki jina hilo. Kutu ni ya chuma, ilhali maganda ya India hayakuwa ya chuma. Tena, mkaguzi anayetafuta kutu aweza kulipita bomba lenye nyufa, kwa kuwa ukuta wake huenda haujapungua unene kwa kiasi cha kuonekana. Twapendekeza "ufa wa mkazo na ulikaji", kutokana na kitenzi kulika. Kiunganishi "na" ndicho chenye uzito hapa: sababu hizo mbili hazina budi kukutana. Mfasiri wa kitabu cha usalama akiacha moja, amemnyima fundi nusu ya onyo.