Uvujaji wa oili katika Subaru Impreza WRX

Uvujaji wa oili ni hali ya oili ya injini kutoka nje kupitia gasketi, sili, mpira au maungio yaliyochakaa au kulegea. Makala hii inaeleza namna ya kutafuta chanzo chake katika Subaru Impreza WRX, gari la kasi lililotokea Japani mwaka 1992, hasa lile lenye injini ya EJ20 yenye turbo. Uvujaji huu husumbua kwa sababu tone linaloonekana chini ya gari mara nyingi limedondoka mbali na mahali lilipotokea. Matokeo yake ni kwamba kifaa kizima hubadilishwa, mwenye gari hulipa, na oili huendelea kuvuja.

## Injini na umbo lake

Injini za jamii ya EJ zilianza kutumika mwaka 1989 katika Subaru Legacy, gari la kampuni ya Fuji Heavy Industries (tangu 2017 inaitwa Subaru Corporation). EJ20 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na pistoni hutembea kushoto na kulia badala ya juu na chini.

Umbo hilo lina matokeo mawili kwa anayetafuta uvujaji. Kwanza, vifuniko vya valvu (tapeti kava) viko ubavuni, kwa hiyo oili hutulia kwenye ukingo wa chini wa gasketi yake. Bomba la ekzosi hupita chini ya silinda hedi, na oili inayodondoka huweza kuliangukia. Pili, sehemu ya juu ya bloku ni pana na ina mabonde. Oili iliyovuja huko hujikusanya, kisha hutiririka upande wa nyuma bila kuonekana.

Gari hili linajulikana sana Afrika Mashariki. Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Impreza nyingi zilizoko Kenya, Tanzania na Uganda ziliagizwa kutoka Japani zikiwa zimetumika. Mipira na sili za gari la umri huo huwa zimekuwa ngumu kwa sababu ya joto la miaka mingi.

## Hatari zake

* Moto. Oili ikiangukia ekzosi au turbo hutoa moshi na harufu ya kuungua, hasa gari linaposimama baada ya mwendo. Ikiwa nyingi inaweza kuwaka.
* Injini kukosa oili. Tofauti kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia ni karibu lita 1. Oili ikipungua, kona kali huweza kuisogeza mbali na bomba la kunyonya, na beringi zikasagika kwa muda mfupi.
* Mkanda wa taimingi. Oili inayovuja mbele hulowesha mkanda na kuuharibu. Mkanda ukiruka au kukatika, valvu zinaweza kugongwa na pistoni.

## Sehemu zinazovuja mara nyingi

* Juu: swichi ya presha ya oili, iliyo karibu na chini ya alteneta.
* Ubavuni: gasketi za tapeti kava na mipira ya visima vya plagi. Mipira hii ikichakaa, oili huingia kwenye kisima cha plagi na injini huweza kukosa moto katika silinda hiyo.
* Mbele: sili za kamshafti, sili ya mbele ya krankishafti na pampu ya oili. Skrubu za bamba la nyuma la pampu huweza kulegea, na ringi ya mpira kati ya pampu na bloku huchakaa.
* Turbo: bomba linalopeleka oili na mpira mfupi unaoirudisha kwenye injini. Mpira huo hukaa kwenye joto kali.
* Nyuma: sili ya nyuma ya krankishafti, bamba la kutenganisha oili na hewa, na kifuniko kidogo cha pini ya pistoni. Katika injini nyingi za zamani bamba hilo lilikuwa la plastiki na hupinda. La chuma hutumika badala yake.
* Chini: sampu, nati ya kumwagia oili na filta. Kwenye magari yenye kipoza oili juu ya filta, ringi yake pia hukaguliwa.

## Hatua za kutafuta chanzo

1. Kuhakikisha ni oili ya injini. Oili ya usukani na ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu. Oili ya giaboksi ya kawaida ina harufu kali ya salfa. Moshi wa bluu kwenye ekzosi huashiria kuwa oili inaungua ndani, jambo ambalo ni tofauti na kuvuja.
2. Kuosha injini. Bila usafi hakuna utambuzi. Injini huoshwa ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, na alteneta pamoja na viungio vya umeme vikiwa vimefunikwa. Kuosha kwa petroli, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, ni hatari kwa moto.
3. Kuendesha kidogo kidogo. Gari likienda mbali, upepo husambaza oili hadi nyuma na ushahidi hupotea. Ni bora kuendesha dakika chache, kusimama, kukagua kwa tochi na kioo, kisha kurudia kwa muda mrefu zaidi.
4. Kutafuta sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Oili hushuka kwa uzito wake na kurudi nyuma kwa upepo. Sehemu ya chini na ya nyuma ndiyo yenye oili nyingi, lakini kwa kawaida ni mwisho wa safari yake.
5. Kutumia rangi ya utambuzi. Rangi maalumu huchanganywa na oili kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Baada ya kuendesha, hung'aa kijani au njano chini ya taa ya urujuanimno. Kwa sehemu ndogo iliyo wazi, poda nyeupe iliyonyunyizwa huonyesha mstari wa oili.
6. Kupima kwa moshi. Moshi wa presha ndogo sana huingizwa ndani ya injini na kutokea penye tundu. Presha kubwa hairuhusiwi, kwani huweza kusukuma nje sili nzima.

## Swichi inayodhaniwa kuwa sili

Katika EJ20, swichi ya presha ya oili inapovuja, oili hutulia juu ya bloku, hutiririka nyuma na kudondoka kwenye maungio ya injini na giaboksi. Kwa anayetazama kutoka chini, dalili hiyo hufanana kabisa na kuharibika kwa sili ya nyuma ya krankishafti. Kufikia sili hiyo kunahitaji kushusha giaboksi au kutoa injini, wakati swichi ni kifaa kidogo kinachofunguliwa kwa spana. Kwa hiyo sehemu ya juu ya bloku hukaguliwa kabla ya kukubali kazi ya kushusha giaboksi. Ikilazimu kuishusha, sehemu zote tatu za nyuma hukaguliwa kwa pamoja.

## Presha ndani ya injini

Gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye bloku. Turbo inaposukuma hewa nyingi, gesi hiyo huongezeka. Mabomba ya kupumulia na valvu ya PCV huitoa na kuirudisha kwenye njia ya hewa. Vikiziba, presha hupanda na oili husukumwa nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Ndiyo maana gari huweza kuwa kavu likiwa limesimama likinguruma, lakini likavuja baada ya mwendo wa kasi. Sili mpya ikivuja tena baada ya muda mfupi, mfumo huu hukaguliwa kwanza. Ukiwa mzima, hupimwa kompresheni ili kujua hali ya ringi za pistoni.

## Baada ya matengenezo

Nyuso za chuma husafishwa kabla ya kufunga gasketi mpya, na bolti hukazwa kwa kipimo cha kiwanda. Silikoni nyingi si dawa: vipande vyake vinaweza kuangukia ndani na kuziba njia ya oili. Baada ya kufunga, injini huoshwa tena, gari huendeshwa hadi lipate joto, na kukaguliwa. Kijiti cha oili huendelea kupimwa kwa wiki kadhaa. Ikiwa vyanzo vilikuwa viwili, cha pili hujulikana wakati huo.