Lis Hartel na Asili ya Tiba ya Kupanda Farasi

Wapo wasemao kwamba kutumia farasi kuwa dawa ya viungo vilivyolegea ni jambo la tangu zama za Wayunani, kwa kuwa matabibu wao waliusifu upandaji kuwa wafaa mwili. Nami sibishi, ila rai yangu ni kwamba sifa ile ilikaa vitabuni karne nyingi pasi na kuzaa utaratibu ulioenea, mpaka alipotokea mgonjwa mmoja wa Denmaki aliyekataa kuwatii matabibu wake.

Mgonjwa huyo ni Lis Hartel. Mwezi wa Septemba mwaka 1944, nchi yake ingali chini ya majeshi ya Wajerumani, naye ana umri wa miaka 23 na ni mja mzito, alishikwa na maradhi ya polio yakamlaza kitandani hali mikono na miguu imepooza. Mtoto alizaliwa salama, na mama akarudiwa na nguvu kidogo kidogo, lakini kuanzia magotini kwenda chini miguu haikupona kamwe. Matabibu walimshauri aridhike akiweza kutembea kwa magongo. Yeye akataka arudi juu ya tandiko, akawa apandishwa na kuteremshwa na watu, akianguka na kupandishwa tena.

Ili msomaji aielewe hima ile, hana budi kujua kwamba mchezo wa Hartel, uitwao dresaji, ni ule ambao farasi huongozwa kwa ishara nyepesi mno, na nyingi ya ishara hizo hutolewa kwa muundi wa mguu ukimgusa mnyama ubavuni. Aliyekosa muundi amekosa ulimi wa kusema na farasi wake. Basi Hartel akamfundisha farasi jike wake, Jubilee, kuisikia lugha nyingine, yaani uzito wa mwili na mkao wa mgongo. Na mwaka 1947 akashika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia.

Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, dresaji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miliki ya maofisa wa jeshi, ilifunguliwa kwa wanawake. Hartel alipata nishani ya fedha, na Henri Saint Cyr wa Uswidi, aliyepata dhahabu, akamsaidia kupanda jukwaani. Mwaka uo huo polio ilizuka Copenhagen kwa ukali wa kutisha, hata wanafunzi wa udaktari wakapangwa zamu za usiku na mchana kuwapulizia wagonjwa pumzi kwa mikono; kwa hiyo habari za nishani ile hazikuwa mchezo mtupu kwa wazazi waliokuwa wakikaa kando ya vitanda vya watoto wao.

Huko Norwei mtaalamu wa kunyoosha viungo, Elsebet Bødtker, akivutiwa na mfano wa Hartel, akaanza kuwapandisha farasi watoto waliolemazwa. Sababu ya kufaa kwa upandaji huo ni dhahiri kwa aliyewahi kukaa juu ya mnyama: farasi atembeapo, mgongo wake humtikisa mpandaji mbele na nyuma, upande kwa upande, na kumzungusha nyonga kidogo, karibu sawasawa na mwendo wa binadamu atembeaye kwa miguu yake, ilhali joto la mwili wa farasi hulegeza misuli iliyokakamaa. Hivyo mtoto asiyeweza kusimama huonjeshwa kiunoni mwendo wa kutembea. Aghalabu kazi hii hutaka watu watatu kwa mpandaji mmoja, mmoja wa kushika hatamu na wawili wa kwenda ubavuni, wengi wao wakijitolea bila ujira. Wala haifai kwa kila farasi, maana mwenye kushtuka upesi ni hatari tupu.

Mwaka 1969 vyama vya kazi hii viliundwa Uingereza na Marekani, na tangu hapo ikaenea. Michezo ya Olimpiki ya Walemavu iliiingiza dresaji Atlanta mwaka 1996. Lakini Hartel, aliyepata fedha tena mwaka 1956 akiwa na Jubilee yule yule, nishani zake zote mbili alizipata mbele ya wazima, kwa kanuni zile zile, bila kuongezewa hata alama moja.